Loretta Amemgawia Mwingine Nusu Yangu

Ruthann, sikia haya. Loretta ameninyima sigara. Loretta wetu!

Unajua chuo kilipopiga marufuku tumbaku mimi niliacha, yeye akawa anavuka barabara kwenda kuvutia ng'ambo, nje ya mpaka wa chuo. Nilidhani anavuta peke yake.

Leo nachungulia kwenye dirisha la maktaba, namwona na Kaylin, yule msichana mpya wa mapokezi. Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nikavuka bila koti, na theluji yote hii.

Loretta akakata sigara katikati, nusu akampa Kaylin. Nusu yangu, Ruthann! Miaka yote ile tulipovuta nyuma ya maktaba, ilikuwa yangu.

Nikasema, "Nami nipe."

"Thubutu! Umehangaika hivyo kuacha, leo nikuharibu mimi?"

"Nimesema nipe."

"Sikupi, shoga. Nakupenda mno."

Kaylin naye: "Rudi ndani, mama, utapata mafua."

Mama! Mimi na Loretta tumezaliwa mwaka mmoja, lakini huyo Kaylin anamwita Loretta kwa jina tu. Labda hana ubaya. Sijui.

Nimerudi dirishani. Sigara imeshaisha, Ruthann, na bado wamesimama pale.