Kiti Kilichohama

Machakos Mjini,
Alhamisi, 14 Agosti 2003.

Kwa dada yangu mpendwa Kalekye,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Kitheka na watoto, na kwamba kifua cha mama yetu, mwaitu, kimepata nafuu tangu vumbi la Julai lipungue. Je, yule mbuzi mweusi alizaa? Mimi mwili wangu ni mzima. Kilichonipungukia ni usingizi, na ndiyo sababu ninaandika badala ya kungoja nije Wamunyu mwisho wa mwezi.

Binti yako Mbithe ameniambia kwamba Jumapili hii mnataka jina lake litajwe kanisani, aombewe safari ya Kampala. Nakuomba, dada, kabla hujamwona mchungaji, isome barua hii mpaka mwisho.

Unajua kwamba kamati ya softiboli iliniajiri mwezi wa Machi niwe karani wao. Mwezi uliopita wafadhili walituletea sanduku la glavu na mipira, na ndani yake mlikuwa na mashine ya kupima mwendo wa mpira, kama zile ambazo polisi wa trafiki huwaelekezea madereva. Mwenyekiti wetu, Bwana Mutiso, alinikabidhi mimi mashine hiyo pamoja na kitabu chake cha maelezo, akisema kwamba mimi ndiye niliyesoma. Nilikisoma mara mbili. Mashine ilikuja na uma mdogo wa chuma. Unaugonga utetemeke, unauweka mbele ya mashine, na namba iliyoandikwa kwenye mpini wa uma ikitokea kiooni, unajua kwamba mashine haidanganyi.

Jumamosi iliyopita tukawapima wasichana. Timu ya taifa inayokwenda Kampala inataka mrushaji mmoja tu kutoka kwetu, na Bwana Mutiso aliamua kwamba atakwenda mwenye mpira wa kasi zaidi, basi, ili pasiwe na maneno. Wasichana walikuwa watano, kila mmoja mipira sita. Niliugonga ule uma mbele ya wazazi wote, wakapiga makofi. Halafu niliijaribu mashine kuelekea barabarani, na gari moja la Kitui likapunguza mwendo ghafla, kondakta akatoa kichwa dirishani kumtafuta polisi. Watu walicheka sana. Tangu siku hiyo sijacheka tena.

Niliweka kiti changu nyuma ya mdakaji, nyuma ya wavu wa waya, mpira ukija moja kwa moja kwangu. Mbithe alikuwa wa nne. Alirusha vizuri mno, dada. Mpira wake wa tano ulisoma kilomita sabini na tisa kwa saa, na hakuna aliyekuwa amefika sabini na tano. Mpira wake wa sita ulimpita mdakaji, ukapenya mahali wavu ulipochanika, ukaivunja chupa ya chai ya Mwalimu Pauline iliyokuwa karibu na goti langu. Chai ilinimwagikia suruali yote. Niliruka mbele ya watu wote. Nikachukua kiti nikakihamishia pembeni, upande wa kushoto, hatua nyingi kutoka kwenye wavu, na hapo ndipo nilipompimia msichana wa tano.

Huyo wa tano ni Farhia, binti ya Mzee Duale, yule muuza ng'ombe wa hapa mjini. Ni mrefu, mkono wake unazunguka haraka hata huuoni. Mpira wake wa juu kabisa ulisoma sabini na tano. Niliandika, nikatia sahihi, na Mbithe akatangazwa.

Jumatatu Mzee Duale alikuja ofisini. Hakupaza sauti. Alisema anaheshimu uamuzi, ila angependa binti yake apimwe tena. Bwana Mutiso akamjibu kwamba mashine haina kabila. Mzee akakubali, akasema hata mizani haina kabila. Akasema amenunua ng'ombe kwa mizani miaka thelathini, na hajawahi kuishuku mizani, bali siku zote hutazama miguu ya yule anayepima, imekanyaga wapi. Kisha akainamisha macho akatazama viatu vyangu chini ya meza. Nilijifanya natafuta faili. Alipoondoka nilikwenda uwanjani peke yangu, nikaona mashimo ya miguu minne ya kiti bado yapo kwenye vumbi, pale pembeni. Niliyafuta kwa kiatu.

Jana jioni Mbithe alikuja chumbani kwangu kurudisha sufuria. Alikaa mlangoni. Halafu akaniuliza:

“Mjomba, mbona ulihama?”

Nikamwambia niliogopa mpira. Akasema hilo aliliona, kila mtu aliliona, na wasichana wamekuwa wakiniigiza bwenini wanamolala jinsi nilivyoruka. Lakini akasema yeye hudaka mipira ya Farhia kila siku mazoezini, na viganja vyake vinajua kwamba ile si sabini na tano. Akanyoosha mikono nione. Kisha akaniomba nisikuambie kwamba ameniuliza. Hapo ndipo nilipojua kwamba lazima nikuambie.

Dada, mashine ile husoma sawasawa mpira unapoijia usoni. Ukikaa pembeni, inaona sehemu tu ya mwendo, na kadiri unavyosogea ndivyo namba inavyopungua. Nimepima kwa kamba kutoka mahali kiti kilipokuwa, nikakokotoa kama tulivyofundishwa kidato cha tatu. Mpira wa Farhia ulikuwa themanini na tatu.

Na sasa nikuambie lile lililo gumu zaidi. Ungeweza kudhani nimeligundua baadaye. Sivyo. Jambo hilo limeandikwa ukurasa wa kumi na moja, pamoja na mchoro, na nilikuwa nimelisoma. Nilipobeba kiti nilikuwa nimejaa woga tu, sikufikiri lolote. Lakini mpira wake wa kwanza uliposoma sabini na tatu, nilikumbuka ukurasa ule wote, mpaka mchoro. Ilibaki mipira mitano. Ningeweza kunyanyuka na kurudi nyuma ya wavu. Nilibaki pale kwa sababu namba ile ilinipendeza. Nilimfikiria Mbithe, nikakufikiria wewe, uliyetoka shule darasa la saba ili mimi niendelee. Na kusoma huko ulikoniachia ndiko kulikonifanya niuelewe ukurasa wa kumi na moja.

Leo asubuhi nilimweleza Bwana Mutiso yote, na vile nilivyofuta alama. Alifunga mlango, akasema habari ya kazi yangu tutaizungumza baadaye. Jumamosi saa nne wasichana wote watapimwa upya, kwani orodha inapelekwa Nairobi Jumatatu. Nilikwenda pia kwa Mzee Duale zizini. Nilipomaliza kumweleza aliniuliza ni nani atakayeshika mashine. Nikasema hakuna mwingine anayeijua. Akafikiri, akasema basi nishike mimi, ila yeye atasimama nyuma yangu.

Mbithe nimemwambia. Alilia kidogo, kisha akaenda mazoezini. Huenda akashinda kwa haki, lakini sidhani, na sitaki ungoje kwa tumaini ambalo mimi sina. Ukikasirika, nikasirikie mimi, si mtoto. Yeye alijua kabla yangu la kufanya.

Wavu haujashonwa. Nitakaa nyuma yake hivyo hivyo.

Msalimie shemeji, na mwaitu umwambie ninamkumbuka kila nikinywa uji. Wabusu wadogo. Ukiweza kunijibu, hata mstari mmoja, mpe dereva wa gari la asubuhi, nitamngojea stendi.

Ni mimi mdogo wako,
Onesmus.