Wenzo Ulioganda

Mawaleh, Oman, Ijumaa

Nashikilia: bunduki kukwama si ushahidi kwamba mimi si Mwomani.

Niliinunua kuukuu, ya wenzo unaoshushwa kuifungua itiwe baruti, ili niibebe kwenye razha, ngoma ya wanaume, katika arusi ya binamu yangu. Nilijua Ami Saif, baba yake Salma, angekuwepo. Nimemposa Salma, na jibu tulilitarajia leo. Niliipaka mafuta ya nazi, kama bibi yangu Mswahili alivyopaka kila chuma kwao Unguja, nikailaza katika chumba chenye kiyoyozi. Sikufikiri kwamba mafuta yale huganda kwa baridi.

Zamu yangu ya kufyatua baruti ilipofika, wenzo haukushuka. Nilivuta, nikavuta tena. Ami Saif akaja, akainusa.

"Hii bunduki au bibi arusi? Na nywele umeisuka?"

Safu nzima ya wachezaji ikacheka. Kisha akamgeukia baba yangu, kwa sauti ya kusikika na wote: "Huyu muozeni huko huko Zanzibar."

Nimeshaisafisha. Wenzo sasa unashuka vizuri kabisa, lakini nani ataniona? Salma hapokei simu, nami...

Ami Saif, ulinikataa hadharani. Nijibu hadharani vilevile, mbele ya safu ile ile: umeikataa bunduki, au umemkataa bibi yangu?