Huyo wa juu ya kochi si Karimi

Mke wangu Karimi amekufa. Presha. Alianguka akichuma majani chai, na kabla tumfikishe hospitali alikuwa ameenda. Tumemzika, udongo bado haijakauka.

Leo ni Jumapili. Hapa Runyenjes kuna manyunyu tangu asubuhi na baridi ya kuingia kwa mifupa. Sijaenda kanisa. Nimebaki nyumbani na hasira.

Hii blogu nilifunguliwa na mwenzangu wa kazi ya mjengo. Alisema nikiandika kifua itafunguka. Bado.

Kitu imenikasirisha ni picha. Juu ya kochi kuna picha ya Karimi, ile ya matanga, ile inawekwa mbele ya jeneza. Kubwa, frem ya dhahabu, utepe mweusi kwa kona, maua ya plastiki huku na huku.

Na huyo si Karimi.

Nieleze. Karimi hakuwa mtu wa picha. Jino yake ya mbele ilivunjika nusu akiwa msichana, alifungua soda nayo. Tangu hiyo siku mtu akitoa simu yeye anafunika mdomo na mkono ama anageuka. Hata kwa kitambulisho amefunga mdomo kama mtu amekosana na serikali.

Matanga ilipofika tukatafuta picha kila mahali. Tulipata moja tu. Ilipigwa kwa ruracio ya jirani, siku ya kupeleka mahari, kabla ajue kuna simu. Anacheka, kitambaa ya kichwa imeenda upande, jino yote nje.

Dada yake mkubwa, Nkatha, ndiye alituma hiyo picha studio kwa simu. Nkatha alitoka Kinoru akaja kunisaidia na mazishi, akabaki kunisaidia na mtoto. Mimi namwita Mama Kinoti, hilo ni jina ya mtoto wake wa kwanza. Alimwambia kijana wa studio atengeneze.

Akatengeneza kabisa.

Akamvalisha koti nyeusi na shati ya kola. Karimi hajawahi vaa koti ya hivyo. Akamtoa weusi wa ngozi. Akatoa kitambaa, akamwekea nywele ya mtu mwingine. Nyuma yake kuna mawingu na njiwa wawili. Na ile jino akaijaza. Sasa meno yote iko sawa, nyeupe, kama sinki mpya.

Siku ya kuzika nilisimama kando ya hiyo picha tangu asubuhi. Watu wanakuja wanasema imetoka poa. Nasema asante. Ningesema nini? Siku hiyo kichwa haikuwa yangu.

Nilifikiri tukimaliza itawekwa kwa sanduku. Jana narudi nyumbani napata Nkatha amepamba sebule. Ametandika vitambaa vipya kwa kochi, amepiga msumari wa inchi sita kwa mbao, na ameweka picha juu kabisa karibu na mabati. Ameiinamisha na kamba vile watu wa huku wanafanya, ndio mgeni akiingia akae, aone anaangaliwa kutoka juu.

Hiyo ukuta ilikuwa ya Karimi. Nyumba yetu ni ya mbao, na ndani aliibandika karatasi ya maua yeye mwenyewe, gundi ni uji ya ngano. Juu ya kochi aliweka kalenda ya agrovet, duka ya dawa ya mifugo, ile iko na ng'ombe ya gredi. Mwaka ikiisha anakata tarehe anatupa, ng'ombe inabaki. Zilikuwa zimefika nne, zimesimama kwa laini. Mimi nilikuwa namwambia hiyo si mapambo, hiyo ni boma. Ananijibu, "Hawa hawakuli kitu. Waache."

Nikamuuliza Nkatha, ng'ombe ziko wapi.

"Ng'ombe gani? Zile karatasi? Nimewasha nazo moto ya githeri."

Nikatoka nje. Nikasimama kwa mvua kama mjinga.

Mnaweza kusema ni karatasi tu. Nimejiambia hivyo mara nyingi tangu jana. Haisaidii.

Lakini ya ng'ombe ingepita. Hii ya leo asubuhi ndio imenimaliza.

Tuko na msichana mmoja, Mwende, ako nasari. Nilikuwa nampea uji. Akaangalia juu ya kochi, akaniuliza polepole ndio asisikike, "Baba, hiyo tichaa itaenda lini?"

Nikamuuliza tichaa gani. Akaonyesha na kijiko.

Nkatha akamwambia, "Mwende, huyo si tichaa. Huyo ni mama."

Mwende akacheka. Alifikiri ni mchezo. Halafu akaona hakuna mtu mwingine anacheka.

Uji yangu nilimwagia kuku.

Sasa niseme kitu sijaambia mtu. Nimeanza kumsahau. Nikifunga macho nimuone Karimi, inakuja ile ya koti. Naifukuza, inarudi. Sauti yake bado niko nayo, mikono niko nayo, lakini uso inakuja na hizo meno za sinki. Na mimi nimeishi naye. Mwende je? Yeye ni mdogo. Hiyo ya ukuta ndio atakua nayo. Atakuwa mama wa watu siku moja na akiulizwa mama yako alikuwa nani, ataonyesha huyo tichaa.

Mimi sitaki.

Jana kabla giza nilikuwa nimeshuka mpaka kwa kijana wa studio. Nikamwambia anirudishie ile ya kwanza, ile ya ruracio, vile ilikuja.

"Mzee, hiyo haiko. Nilifanyia kazi juu yake."

"Haiko aje?"

"Haiko. Lakini si mama alitoka vizuri?"

"Wewe ulikuwa unamjua?"

"Hapana."

"Basi huwezi jua."

Akafikiria. Akasema, "Pole mzee. Ukitaka naweza kukutolea njiwa."

Nikatoka hapo haraka. Ningebaki ningemgonga bure, na kosa si yake. Aliambiwa atengeneze.

Kwa hivyo imebaki simu ya Nkatha. Yeye ndiye aliituma studio, lazima iko nayo. Na anarudi Kinoru leo. Nasikia sauti yao kwa njia, wanatoka kanisa na Mwende. Nitamwambia sasa. Huyu mama simuogopi lakini namheshimu, na hiyo ni mbaya kuliko kuogopa.

Wacha niende.

*

Nimerudi. Ni jioni. Nkatha ameenda. Niandike vile ilikuwa kabla chaji iishe.

Alikuwa anafunga mzigo. Nikasimama kwa mlango nikamwambia, "Mama Kinoti, hiyo picha naitoa."

Hakuniangalia. "Unaitoa unaipeleka wapi?"

"Popote. Si hapo."

"Baba Mwende, watu bado wanakuja kusema pole. Wakute ukuta mtupu? Mwanamke ndio tumetoka kuzika na mzee ashatoa picha. Unajua watasema nini?"

"Najua."

"Watasema kuna mtu anatengenezewa nafasi kwa hiyo kochi."

"Waseme."

"Waseme, waseme. Wewe utakuwa mjengo unabeba kokoto. Mimi ndio nitaulizwa huko Kinoru, eti ni kweli yule shemeji yako ashaoa."

Nikamwambia hiyo picha si dada yake. Nikamwambia mtoto wa kuzaa wa Karimi hajamjua mama yake. Nikasema yule kijana amenitengenezea mwanamke sijaoa, na sasa ananiangalia nikikula. Nilisema mengi. Mimi si mtu wa mengi lakini yalikuwa yamejaa kama karai.

Nkatha akakaa kwa kochi, chini ya picha. Akaacha nimalize.

Halafu akaniuliza, "Wewe unajua nini juu ya hiyo jino?"

"Najua ilivunjika na soda."

"Hiyo ni mwanzo. Mimi nililala naye kitanda moja mpaka nikaolewa. Shuleni walikuwa wanamwita Kadirisha. Alikuwa anaimba kwaya, na alikuwa anaimba kabisa, mpaka watu wa makanisa ingine wanamjua. Akaacha. Mama akampiga arudi, akakataa. Aliniambia akipata kazi kitu ya kwanza ni kuweka jino. Hakuweka. Ikakuja mtoto, ikakuja mabati, ikakuja mbolea. Sasa mimi nimemwekea. Ni ya karatasi, lakini nimemwekea. Watu wote wa kwetu wamemuona mara ya mwisho akiwa na meno. Na wewe unataka niivunje tena?"

Hiyo ya kwaya sikuwa najua. Miaka hiyo yote nimekaa na mtu anajua kuimba na hajaniambia.

Nilikuwa nimekuja na hasira ya kutosha nyumba mbili, na huyu mama ameimwaga yote chini. Hiyo ndio imenichosha zaidi. Ukikasirikia mtu mbaya unajua mahali pa kugonga. Huyu alikuwa anamfanyia dada yake mema.

Mwende alikuwa kwa mlango anakula ndizi, anatuangalia vile watu wanaangalia mpira.

Nikasema, "Hapa kwangu hakuwa anaificha."

Nkatha akaniangalia. "Aje?"

Nikamwambia vile ilikuwa. Nje alikuwa anafunika mdomo, hiyo kila mtu anajua. Sokoni, kanisa, kwa majani, hata kwa mama yake. Lakini akiingia hapa, mkono inashuka. Alikuwa anacheka mdomo yote. Akipuliza moto hiyo jino inapiga firimbi, na Mwende anamwambia rudia, na yeye anarudia mpaka moshi inamuingia machoni. Akinikasirikia jino ndio naona kwanza. Sijawahi ona mkono kwa mdomo ndani ya hii nyumba.

Nkatha alikuwa anakunja kitambaa ya kochi na vidole, anakunja anakunjua.

"Hata mimi alikuwa ananifunikia," akasema. "Tukishakuwa wakubwa."

Halafu akatoa simu. Akatafuta. Akanipea.

Ilikuwa hapo. Vile ilipigwa. Kitambaa upande, macho imefunga kwa kicheko, jino nusu. Mwende akaja akapanda kwa goti yangu na mikono ya ndizi. Akasema, "Mama." Hakuuliza. Akasema tu, akarudi nje kucheza.

Nikamwambia Nkatha anitumie. Akasema, "Nitatuma. Lakini usiiweke kwa hiyo ukuta."

"Ni ukuta yangu."

"Ni yako. Lakini sebule inaingia kila mtu. Watu wa kanisa, watu wa chama, hata yule mama anauza mitumba. Wote waje wakae hapa wamuangalie jino? Alifunika hiyo kitu mpaka siku alikufa. Umesema mwenyewe, alikuwa anafungulia wewe na mtoto. Hakufungulia wageni."

Nilitaka kukataa. Nilifungua mdomo kabisa.

Lakini ni kweli. Hiyo ndio shida na huyu mama, anakupiga na maneno yako.

Kama ningeiweka hapo, ningekuwa natoa mkono wake kwa mdomo na nguvu, mbele ya watu. Na hawezi kuirudisha.

Kwa hivyo tukapatana, kama kupatana ndio inaitwa hivyo. Nilipanda kwa kochi nikashusha ile kubwa. Ameenda nayo Kinoru, ameifunga na leso. Huko kwa Mama yao itakaa vizuri. Mama ndiye alimpiga juu ya kwaya, wacha amuone na meno. Ile ya ukweli iko kwa simu yangu. Nikipata siku ya kushuka mjini nitaitoa kwa karatasi, ndogo, niiweke chumba ya kulala upande mtoto analala. Studio ingine, si ile.

Nkatha akitoka alisimama kwa mlango akaangalia juu ya kochi.

"Sasa utaweka nini hapo?"

"Sijui."

"Weka hata saa."

"Sitaki saa."

"Wewe ni mgumu, Baba Mwende."

"Enda salama, Mama Kinoti. Salimia Mama."

Akaenda. Sijui kama amenisamehe. Mimi sijui kama nimemsamehe juu ya ng'ombe.

Sasa niko na ukuta haina kitu. Hapa kwetu ukuta ya juu ya kochi haikaagi bure. Watu wanaweka harusi, wanaweka mtoto amevaa joho, wanaweka bwana Yesu. Mimi niko na msumari moja na hakuna kitu yangu inaweza kukaa hapo. Ya uongo sitaki, na ya ukweli si ya wageni. Nimefikiria mpaka kichwa inauma. Hakuna. Bado nimekasirika, na sasa hata sina mtu wa kukasirikia.

Jirani ameshapita. Aliingia kuomba chumvi, akaangalia ukuta, akaniangalia, akasema pole tena na sauti ingine. Kesho hiyo maneno itakuwa imefika sokoni kabla ya maziwa. Watasema nimesahau mke wangu.

Wataongea wachoke. Sitatoka nje kuelezea watu juu ya jino.

Mwende amelala. Kabla alale nilimuuliza kama anataka tuweke kitu hapo juu, akasema ananiachia mimi. Sawa.

Fundi wa mjengo amepiga simu, kuna slabu ya simiti ya kumwaga na watu hawatoshi. Kesho narudi kazi.