Nimekwenda Kusikiliza Habari za Uchina

Mwanapili mwanangu,

Wali umo chunguni, mchuzi wa papa nimeufunika. Kandili itie mafuta.

Nimekwenda maktaba ya Msambweni, leo pana hotuba juu ya Wachina na mabakuli yao yaliyofika pwani yetu zamani. Asubuhi nilikuomba tufuatane, ukanijibu, "Mama, Wachina watuhusu nini?" Sikukasirika. Ila tangu babako afariki, mikutano hii naiendea peke yangu, na nikirudi sina wa kumsimulia.

~~Nitarudi kabla ya magharibi.~~ Nitakawia. Baada ya hotuba watu hupewa chai, nami nataka kuzungumza na mtu.

Kuku wafungie. Nikirudi, niulize walisema nini, hata kama hutaki kujua.

Mamako