Busu la Mkono Lililomwita Koyote

Shamba la Thorsby,
Kijito cha Mierebi,
Wyoming.
12 Aprili 1979

Mpendwa Shangazi Maxine,

Hujambo, shangazi yangu wa moyoni? Goti lako linaendeleaje sasa baridi imepungua huko Ohio? Na Mjomba Clifford, bado anakoroma mbele ya televisheni halafu anabisha kwamba alikuwa macho? Sisi ni wazima kabisa. Mimi hata nimenenepa, kwa furaha nadhani.

Ahsante, ahsante sana kwa mfarishi wa viraka. Nilipoona kile kipande cha gauni la bluu la marehemu bibi nililia mpaka Royce akadhani kuna msiba. Na hapohapo akaniita "mke wangu" mbele ya tarishi, shangazi, nikaona haya kama msichana anayechumbiwa.

Lakini acha nikueleze kilichokuwa kinaninyima usingizi. Baba mkwe, Mzee Orville, alitupa kondoo majike wa kuanzia maisha. Walipoanza kuzaa tu, koyote naye akaanza kuja. Nyinyi huko mnamsikia redioni tu: ni kama mbweha, ila ana miguu mirefu na ujanja wa kupita kiasi. Kila kukicha tulikuta mwanakondoo mwingine hayupo na mama yake anazunguka akilia. Royce akasema hali ikiendelea hivi tutauza kondoo waliobaki, naye aende kwenye visima vya mafuta huko kaskazini, awe anarudi nyumbani mara mojamoja. Na ndoa yetu bado changa hivi! Mbele yake nilitabasamu. Kisha nikaingia zizini nikalia pamoja na kondoo.

Huku koyote huitwa. Unakaa chini vichakani, upepo ukikupiga usoni asije akakunusa, unapuliza filimbi ya mbao inayolia kama sungura aliyeumia, naye anakuja mwenyewe kutafuta mlo. Bingwa wa kazi hiyo ni Baba mkwe, ila siku hizi kifua hakina pumzi. Akamkabidhi Royce filimbi yake. Nami nikaomba kwenda.

"Uende ukafanye nini?" akauliza Mama mkwe.

"Nikae na mume wangu."

"Haya, nenda. Ukimchoka utarudi," akasema, na wote wakacheka.

Jumamosi alfajiri majani yote yalikuwa meupe kwa barafu. Tukakaa chini ya mwamba, bega kwa bega. Royce akaninong'oneza, "Usikohoe, usijikune, na usinitazame hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Hivyo hivyo. Nitakosa shabaha."

Akapuliza, akaiweka filimbi juu ya jiwe, akasubiri. Akapuliza tena. Koyote akatokea ng'ambo ya bonde, akaketi nyuma ya kichaka kama mbwa mbele ya duka la nyama, kichwa tu kikionekana. Hapigiki. Royce akaichukua filimbi amvute karibu. Kimya! Mate yalikuwa yameganda ndani. Baba mkwe huiweka ndani ya shati, kifuani, ipate joto la mwili. Royce wangu aliilaza juu ya jiwe lenye barafu.

Shangazi, nilimwona usoni akikata tamaa, na mimi nikaviona vile visima vya mafuta. Koyote akainuka, akaanza kugeuka. Ndipo nikakumbuka Baba mkwe alivyotuchekesha wakati wa chakula, akibusu mgongo wa mkono wake ukalia kama panya, akisema koyote akisita huvutwa hivyo. Nikavua glovu. Nikaubusu mkono wangu kwa nguvu zote, mwii, mwii, mwii! Hewa ilikuwa imetulia, sauti ikafika. Masikio yakasimama. Nikabusu tena, na tena, mpaka midomo ikawaka. Akashuka bondeni mbio, akaja mpaka nikayaona macho yake ya manjano. Royce akafyatua risasi moja.

Sikufichi, nilimhurumia. Alikuwa na manyoya mazuri mno. Lakini wale kondoo waliolia zizini nao ni mama.

Nyumbani Baba mkwe alipiga meza. "Royce! Umepuliza filimbi yangu ukaita barafu, mkeo kabusu mkono kaita koyote! Mwindaji ni nani hapo?"

"Baba, usinilaumu," akajibu Royce, "hata mimi alinivuta hivyohivyo."

"Mwacheni mtoto ale," akasema Mama mkwe, akaniwekea kipande kikubwa kuliko vyote cha nyama ya kondoo. Ni mara ya kwanza kuniita mtoto.

Tangu siku hiyo hatujapoteza hata mwanakondoo mmoja. Namshukuru Mungu, nawashukuru wazee hawa, nakushukuru wewe uliyenilea nikafaa kupendwa.

Nisalimie Mjomba Clifford na binamu yangu Darlene, umbusu na mtoto wake. Mungu akulaze salama na akuamshe bila maumivu.

Nilikuwa karibu kutia sahihi hapa Royce alipokuwa kwenye simu ukumbini na yule bwana wa visima. Nimemsikia kwa masikio yangu: "Hapana, bwana, mpe mtu mwingine nafasi hiyo. Mimi nina kondoo, na nina mke."

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Lorene wako (sasa Bi. Thorsby!)