Magunia Yaliondolewa na Nani?

Mjukuu wangu Zuhura,

Pokea salamu kutoka Shangani. Bibi yako hajambo, ila amegombana na daktari aliyemkataza chumvi.

Unaniuliza kama ni haki mkuu wako akutake ulainishe taarifa yako ya ukaguzi wa ndani. Nakujibu kwa neno moja ambalo uchungu wake haujanitoka.

Nilipotoka chuo kikuu, kifua kikiwaka ujamaa, nilikagua ghala la korosho la chama cha ushirika. Niliandika, nikaambatanisha ushahidi: "Meneja aliondoa magunia bila kibali."

Mkuu wangu alicheka. "Ndugu msomi, hapa hatuhutubii. Andika 'yaliondolewa.' Ndiyo lugha ya kiungwana."

Nilikataa. Akaandika mwenyewe.

Taarifa iliposomwa mbele ya wanachama, mtu alipaza sauti: "Yaliondolewa na nani? Au yana miguu?" Watu wakaangua kicheko, kisha macho yote yakamgeukia Mzee Bakari, mlinzi wa ghala. Nilisimama niseme, mwenyekiti akafunga mkutano. Bakari akafukuzwa kazi, meneja akabaki kitini.

Nilimfuata Bakari kwao Msimbati. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, lau mngeandika hata jina langu, ningejua pa kujitetea."

Basi mtaje mtenda, Zuhura, kisha tendo, kisha ushahidi. Wakikuhimiza uungwana, waulize ni uungwana kwa nani. Ule wa kwetu, Bakari hakuuonja.

Ni mimi babu yako, nisiyelainika.