Mpira Uliokaa Ngara Mwaka Mzima

Chuo cha Ualimu,
Biharamulo.
Jumapili.

Dada yangu mpendwa Skolastika,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itawakuta wote wazima hapo Keza, na kwamba mguu wa baba umepona na ameanza tena kwenda shambani. Mimi sijambo. Ile homa ya mwezi uliopita imekwisha, nakula, nasoma na usingizi naupata. Nilifurahi sana uliponiandikia kuwa kaka ameleta habari kutoka jeshini na kwamba yuko salama. Barua yako niliisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimejifungia stoo ya majembe ili wenzangu wasinione ninavyocheka peke yangu.

Sasa dada, kabla hujasikia kwa mtu mwingine nakuambia mwenyewe: Ijumaa nilikuwa Ngara mjini. Najua mama akisikia atasema, "Kafika mlangoni kapita!" Nakuomba umtulize kwanza, kisha umsomee haya yote polepole.

Nilikwenda na timu ya chuo ya mpira wa kikapu. Usicheke. Mimi ni mchezaji wa akiba, tena wa mwisho kabisa, na kazi yangu hasa ni kuandika vikapu kwenye daftari, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Tulikwenda kucheza na chuo cha Ngara nyumbani kwao, na kilichotupeleka ni mpira.

Ofisi ya mkoa ilitoa mpira mmoja tu mpya kwa vyuo viwili, chetu na chao. Wakuu wa vyuo wakakubaliana kwamba atakayeshinda akae nao mpaka mechi nyingine. Mwaka jana walikuja hapa wakatufunga, wakaondoka nao. Wetu wa zamani ulikuwa umepasuka kibofu, na tangu vita vianze hakuna duka lenye kibofu kingine. Hata sabuni tunaipangia foleni. Basi tukashona wa kwetu. Ndani tulitia majani makavu ya migomba, juu yake tukazungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, na nje gunia. Unarushika vizuri na kikapuni unaingia, ila ukiuangusha chini unakaa pale pale kama kiazi. Kwa hiyo kwa mwaka mzima tumecheza bila kuudundisha. Unaudaka, unampa mwenzako, naye anampa mwingine, mpaka ufike chini ya kikapu.

Mwalimu Kamugisha, mwalimu wetu wa michezo, alituambia siku moja kabla ya safari: "Mkifungwa safari hii, lile gunia mtacheza nalo mpaka mmalize chuo. Mimi sina mpira mwingine wa kuwapa."

Tulipanda lori la ushirika lililokuwa likienda Ngara kuchukua kahawa. Msituni mbung'o walituuma mpaka Masanja, nahodha wetu, akasema hao nao ni wachezaji wa Ngara, wametumwa kutupunguza damu. Masanja ni Msukuma wa Nyamahanga, ana sauti kubwa, na hajui kukaa kimya hata akiwa anatafuna.

Uwanjani tulikuta watu wengi kuliko niliowahi kuwaona kwenye mchezo. Wanafunzi, askari wawili wa likizo, na akina mama waliokuwa wametoka sokoni na vikapu vyao, wameketi ukingoni. Nahodha wao ni mrefu mno, wenzake wanamwita Mlingoti. Alitupokea akiwa ameuweka mpira juu ya kiganja kimoja kama sahani.

"Karibuni wageni," alisema. "Mmekuja kuuaga?"

"Tumekuja kuuchukua," Masanja akamjibu. "Mfungashie na nguo zake kabisa."

Wote walicheka, hata wao. Lakini mchezo ulipoanza, kicheko kilibaki upande wao tu. Dada, mtu asiyedundisha mpira mwaka mzima akiupata unaodunda anakuwa kama ndama aliyefunguliwa zizini. Kila mwenzangu aliyeushika aliudundisha, kwa raha tu, na kila alipoudundisha ulimpiga gotini au ukaruka nje. Mlingoti alikuwa akiuokota tu na kwenda kufunga. Mama mmoja pale ukingoni akapiga kelele kwa Kihangaza: "Wapeni watoto wa watu kikapu wakaubebee!" Wenzangu hawakuelewa, lakini mimi nilielewa kila neno, nikainamisha uso kwenye daftari kama vile ni shangazi yangu aliyenisema.

Na hapo kwenye daftari ndipo nilipoona jambo. Mimi huandika vikapu, lakini huandika pia nani amepoteza mpira na amefanya nini kabla. Safu nzima ilikuwa neno moja: kadundisha, kadundisha, kadundisha. Zile mara chache tulizofunga, mpira ulikuwa umepita mikononi tu.

Wakati wa mapumziko walikuwa wametuzidi vikapu sita. Wenzangu walikaa chini, wengine wamefunika nyuso kwa fulana. Mwalimu Kamugisha akauliza, "Nani ana neno?" Wewe unanijua, dada. Hata kanisani nikiitwa kusoma, namsukuma jirani yangu asome yeye. Nikawaza yale maneno ya mwalimu kuhusu gunia, nikamsogelea na kumnong'oneza.

"Usiniambie mimi," akasema. "Waambie wao. Simama."

Nikasimama. Nikasema, "Tusiudundishe."

Wakanikodolea macho. Masanja akasema, "Sikilizeni mtu wa benchi! Sasa tuufanyeje, tuubembeleze?"

"Tuupasi kama gunia," nikamwambia. "Nyumbani hatudundishi hata mara moja."

Mwingine akasema refa hatakubali. Nikamjibu kwamba kijitabu cha sheria nimekisoma maktabani mwanzo hadi mwisho: kutembea nao ndiko kunakokatazwa, kupasiana hakukatazwi. Kisha nikafungua daftari na kumpa Masanja ajisomee. Aliangalia ile safu kwa muda. Jina lake ndilo lililojaa zaidi. Nilidhani atanitupia lile daftari.

"Aisee," akasema, "mimi peke yangu nimemaliza ukurasa!" Akacheka mpaka na wengine wakacheka. "Jamani, kuanzia sasa hili ni gunia. Atakayelidundisha anarudi Biharamulo kwa miguu."

Laiti ungeona kipindi cha pili! Mpira haukugusa ardhi. Ulikuwa huku, ukawa kule, ukarudi huku, na Mlingoti katikati akigeuka geuka mikono juu. Alilalamika, "Refa, hawa hawadundishi!" Refa akamjibu, "Na wewe huwazuii." Kikapu kimoja kimoja tukawafikia. Wakatupita tena. Tukawafikia tena. Yule mama wa ukingoni hakutania tena. Alikuwa amesimama, na nadhani alikuwa amesahau anashangilia upande gani.

Dakika za mwisho tulikuwa sawasawa. Masanja aliupata mpira peke yake, hakuna wa kumzuia, na nikaona mkono wake umeshuka tayari kuudundisha. Dada, sijui sauti ile ilitoka wapi. Nilipiga kelele, "Gunia!" Uwanja mzima ukageuka kunitazama. Masanja akashtuka, akaurusha kwa mwenzetu Petro aliyekuwa chini ya kikapu, na Petro akafunga. Filimbi ikalia kabla wenyeji hawajaurudisha.

Tumeshinda kwa kikapu kimoja. Mimi sikuingia uwanjani hata dakika moja, na sina kinyongo.

Wenyeji wetu walitupikia ndizi na maharage, na Mlingoti mwenyewe ndiye aliyetupakulia. Alikuwa mnyonge, kisha akaja kukaa karibu nami na kuniuliza tulitengenezaje gunia letu, maana sasa wao ndio wasio na mpira. Nikamweleza kwa Kihangaza, hatua kwa hatua, mpaka jinsi ya kukaza uzi. Akashangaa: "Kumbe wewe ni wa kwetu!" Nilimwambia ni wa Keza. Akasema basi wamefungwa na ndugu yao.

Sasa ndiyo sababu ya kutofika nyumbani: lori lilikuwa linaondoka Jumamosi alfajiri, na dereva alisema hamsubiri mtu. Ningekwenda Keza kwa miguu lingeniacha, na chuo kisingenielewa. Mwambie mama nilisimama nyuma ya bweni lao nikaangalia upande wa nyumbani mpaka nikaitwa.

Asubuhi hiyo ndani ya lori, juu ya magunia ya kahawa, kila mtu alitaka kuushika mpira. Masanja akapanga zamu. Ulipita mkono kwa mkono, na mtu akiuachia alihesabu waliobaki mpaka umrudie. Tulipokaribia Nyakahura ukanifikia mimi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuugusa. Ni mzito kidogo kuliko nilivyodhani, na ngozi yake ina vipele vidogo vidogo. Niliukumbatia kwa mikono yote miwili, na kwa uchovu nikasinzia. Nilipofumbua macho tulikuwa tunaingia Biharamulo, jua limeshapanda, na mpira ulikuwa bado kifuani kwangu. Nikamuuliza Petro kwa nini hawakuuchukua. Akasema Masanja alikataza mtu kuniamsha.

Nisalimie sana baba na mama, na bibi mzaa mama, mwambie tumbaku yake nitamletea likizoni. Msalimie shemeji na mwanao mdogo, na mjomba fundi baiskeli, ambaye tyubu zake mbovu zimefanya kazi kubwa kuliko anavyojua. Ukimwandikia kaka, mweleze habari hii ya mpira. Huko aliko labda itamchekesha.

Mungu awatunze wote mpaka tutakapoonana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Evarist